Geti la Mama Rispa

Mokaya alisimama mlangoni pa chumba cha kulala, ncha za soksi zake zikigusa mstari ambapo saruji nyekundu ya sebuleni iliishia na zulia la chumbani likaanza. Juu ya kabati, hatua chache tu ndani, kisanduku cheupe kiliwasha na kuzima kitaa chekundu. Mgongoni kilikuwa na kitufe. Kukibonyeza mpaka kitaa kibadilike, kukitambulisha kwa ruta mpya, na kazi imekwisha. Alikuwa ameifanya kazi hiyo katika nyumba nyingi kati ya Homa Bay na Kendu Bay. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mama wa mchumba wake.

"Mbona umenyamaza, fundi?" Sauti ya Phanice ilitoka jikoni, nyuma ya pazia la maua.

"Mama, kile kisanduku kiko chumbani kwako."

"Ndiyo. Rispa alikiweka huko wezi wasikione."

Phanice alikuwa Mjaluo na Mokaya Mkisii, na watu wao walipishana katika mambo mengi, lakini si katika hili: mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Ndiyo sababu hata chai ilikuwa imewekwa mezani kabla hajafika, ikafunikwa na sahani, naye Phanice akarudi nyuma ya pazia.

Radi ilikuwa imeunguza ruta ya zamani mapema wiki hiyo. Rispa, mchumba wake, muuguzi huko Migori mjini, alinunua nyingine na kumtuma Mokaya aje kuifunga. Alimtuma fundi, wote wawili wakasahau kwamba fundi huyo ni mkwe.

Kazi yenyewe haikuweza kungoja. Tangu avunjike nyonga, Phanice alitembea kwa fremu ya chuma, na kutoka kitini hadi getini ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Kisanduku kile ndicho kilichopokea amri za simu yake na kuzipeleka kwenye mota ya geti na taa za nyumba. Siku zote alizokuwa bila intaneti, geti lilibaki wazi na mbuzi wa jirani walikuwa wamemaliza sukuma wiki. Jumapili wazee wa Mokaya wangekuja kujitambulisha. Phanice hakudai sherehe kubwa. Alisema neno moja tu: wageni wa binti yangu nitawafungulia mimi.

"Nimwite Liz wa jirani aje akibonyeze?" Mokaya aliuliza.

"Liz ameenda Homa Bay, analala huko kwa dada yake. Na majirani wengine ni wanaume, sitaki waone kitanda changu." Fremu iligonga sakafu mara moja. "Lakini kazi ni kazi. Daktari pia ana mama mkwe. Ingia tu, mimi sioni."

Mokaya alitazama zulia. Lilikuwa la kijani, limefagiliwa vizuri.

"Siwezi, Mama."

Pazia halikusogea. Hakujua kama jibu lile lilimfurahisha au lilimuudhi.

Alirudi kwenye kochi na kumpigia Rispa, simu ikiwa kwenye spika ili mikono ibaki huru.

"Kisanduku kiko chumbani kwa mama," alisema.

"Aki Mokaya. Hujaingia?"

"Sijaingia."

"Usithubutu. Shangazi zangu watasikia kabla hujatoka."

"Kuna njia nyingine. Kisanduku hakijui ruta, kinajua jina la waifai na paswadi tu. Nikiipa ruta mpya jina lile lile na paswadi ile ile, kitarudi chenyewe bila kuguswa. Jina ninalo, liko kwenye simu yangu: Boma la Phanice. Ila kila nilipokuja hapa nilitumia bando yangu. Paswadi ni gani?"

Huko Migori kitoroli kilipita kwenye korido.

"Nimesahau," Rispa alisema.

"Wewe unakumbuka dawa za wodi nzima."

"Nimesahau, Mokaya. Weka ingine."

"Nikiweka nyingine lazima mtu abonyeze kitufe."

"Naitwa wodini," alisema Rispa, na simu ikakatika.

Nyuma ya pazia kulitokea sauti ambayo Mokaya alidhani ni kikohozi. Haikuwa kikohozi. Phanice alikuwa anacheka, taratibu, kwa sababu ya nyonga.

"Amesahau nini huyo? Tangu aniwekee hiyo mashine kila mgeni ananiuliza, na mimi namtajia. Hata pasta. Andika."

"Niko tayari, Mama."

"Lakini neno lenyewe mimi sitalisema lote. Wewe ni mkwe, siwezi. Nitakupa herufi. M kubwa."

Akaandika.

"O. K. A." Alizitoa moja moja, kama mtu anayechambua mchele. "Umefika wapi?"

"A."

"Y. Halafu A tena."

Kidole cha Mokaya kilibaki hewani juu ya simu. Masikio yalikuwa yamepata moto. Alimfikiria pasta amekaa kwenye kochi hili hili, akiandika.

"Umelala, fundi?"

"Hapana, Mama."

"Sasa W kubwa. A, N, G, U. Bila nafasi. Halafu mwaka mliojuana. Huo sikwambii. Unaujua ama huujui?"

"Naujua."

Aliuandika bila kusita. Akahakikisha ruta inatumia masafa ya zamani ya mawimbi, kwa kuwa kisanduku hakikujua yale mapya, kisha akaizima na kuiwasha. Akarudi kwenye mstari wa saruji na zulia, mikono nyuma.

Kitaa juu ya kabati kiliendelea na wekundu wake. Kikazima. Kwa muda hakikuonyesha kitu chochote. Kisha kikawaka rangi ya chungwa, kikasita, kikawa kijani na kutulia hivyo.

"Jaribu, Mama."

Taa ya sebuleni ikawaka mchana kweupe. Ya jikoni. Ya chumbani, ikaonyesha vumbi kidogo juu ya kabati, naye akageuza macho haraka. Kila moja ilizimwa na kuwashwa upya, pasipo sababu.

"Kunywa chai yako," alisema Phanice. "Halafu toka nje ya boma, usimame barabarani. Nataka kuona itakavyokuwa Jumapili."

Mokaya akanywa chai, ingawa ilikuwa imepoa, akavaa viatu, akatoka na begi lake. Nyuma yake geti lilivuma na kujifunga. Alisimama kwenye barabara ya murramu, amelinyoosha shati. Mwanamume wa bodaboda akapunguza mwendo.

"Unangoja nani hapo?"

"Mama mkwe."

"Pole," yule akasema, akaenda zake.

Geti likatetemeka, likafunguka pole pole mpaka mwisho. Mokaya akainua mguu. Kabla haujatua, geti likaanza kujifunga. Likafunga kabisa, likatulia, likafunguka tena. Kuku mmoja aliyekuwa anangoja ndani akatoka barabarani, akaona linarudi, akaamua kubaki nje karibu na Mokaya. Kutoka jikoni kilisikika kicheko kile cha taratibu. Geti likafunguka mara nyingine. Fundi na kuku wakalitazama, hakuna aliyekuwa na uhakika kama sasa ndiyo kweli.