Kibati Namba Sitini na Moja

"Maji ya mgodi huu hayana la kunificha," Injinia Chisenga alisema, "nimeyaweka yote humu." Akaigonga kompyuta yake kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Humu mlikuwa na mgodi mzima wa shaba wa Lushishi: kila pampu kisanduku, kila bomba mstari, mvua inaingia huku, maji yanatokea kule. Miezi minane aliunganisha visanduku hivyo, mpaka mkewe akamwambia akailipie mahari hiyo modeli. Asubuhi hii ya Jumatatu Kapteni Sinkala, msimamizi wa shimo, alitaka kujua jambo moja tu: watu kumi na wanne washuke shimoni ngazi ya tano, au wasishuke?

"Washuke. Modeli inasema pakavu."

"Modeli inasema. Wewe je?"

"Nilishuka mwenyewe jana, Kapteni. Kipimo na modeli ni mapacha."

Vingekosaje kufanana? Jana Jumapili alikuwa nyumbani anakula nshima na kapenta, na kipimo chenyewe alikiokota kwenye modeli ile ile. Ni kumuuliza mtoto swali, kumnong'oneza jibu, halafu kumsifu kwa akili.

Wala hakuwa mvivu. Alimwogopa Mzee Lombe.

Lombe alikuwa mlinzi wa pampu ya ngazi ya tano. Kila siku alipima maji akaandika daftarini, na kila Jumapili daftari lilisema yamepanda. Modeli haikuona sababu. "Mzee Jumapili anapima na pombe ya chibuku kichwani," Chisenga alitania, ofisi ikacheka, akazifuta namba za Jumapili zote. Lombe akaja, kofia mkononi.

"Kijana wangu, mgodi wa jirani huzima pampu zao Jumapili. Maji yao yanahamia kwetu."

"Mgodi wa jirani haumo kwenye mchoro wangu, Mzee."

"Nayo maji hayajauona mchoro wako."

Wiki mbili baadaye, Jumapili, maji yalimchukua. Mwili haujapatikana mpaka leo.

Tangu hapo modeli haikutulia. Mstari wa ngazi ya tano ulilala, ukalala, na ukifika Jumapili uliinuka kidogo, kama mtu anayenyoosha shingo dirishani. Chisenga alitafuta namba za Lombe kila kona, hazimo. Akaiendesha upya, shingo ikanyooka tena. Asubuhi hii aliikata kwa mkono wake kabla ya kuchapisha karatasi.

Sinkala akachukua kalamu aitie sahihi karatasi hiyo.

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilitoka kwenye bomba kuukuu lililopita ukutani kutoka shimoni. Walinzi wa pampu huongea kwa kugonga bomba, na mara tatu maana yake maji yanapanda.

"Umesikia, Kapteni?"

"Nini? Masikio yangu yaliliwa na baruti zamani, kijana."

Chisenga alifungua mdomo aseme ukweli. Ukatoka mzaha. "Panya. Nao wanataka kazi."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mama Bupe wa chumba cha taa, anayetunza ubao wa vibati, vipande vya bati vyenye namba ya kila mfanyakazi: anayeshuka hutundika kibati chake upande wa chini, akirudi hukihamishia upande wa juu. Hakuna anayepewa taa bila hivyo, hata mkurugenzi.

"Vibati vya hao kumi na wanne viko tayari, Kapteni. Unasubiriwa wewe."

"Natia sahihi sasa, Mama. Injinia alishuka jana akakuta pakavu."

"Alishuka?" Mama Bupe alimtazama Chisenga juu mpaka chini. Akatoka. Akarudi na kibati namba sitini na moja, cha Chisenga, kiganjani, akakipuliza. Utando wa buibui ukaruka, ukatua juu ya ile karatasi.

"Kapteni, hiki hakijabanduka msumarini tangu mwezi wa pili. Tangu jana upande wa chini kuna kibati kimoja tu, cha Lombe. Hicho sikitoi mpaka apatikane."

Sinkala akaiweka kalamu chini, akaenda dirishani, akapaza sauti uani: "Hakuna anayeshuka! Vueni kofia!"

Chisenga aliukodolea macho utando ule.

Ko. Ko. Ko.

"Na wewe Injinia," alisema Mama Bupe, akiligeukia bomba, "siku zote hizi unamsikia Mzee akigonga, umenyamaza tu?"