Karatasi Yenye Matundu

Mwandiko wa mjukuu wangu ulikuwa umelewa. Sisemi kwa ubaya, mimi ndiye bibi yake na nina ruhusa. Herufi moja ilipanda juu ya mstari, nyingine ilining'inia chini, ya tatu ilianguka chali. Tunamwita Kifungo kwa sababu ni mviringo, na ukigeuka kidogo tu ameshapotea. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi, hurudi jioni miguu imevimba. Basi kazi za nyumbani za darasa la kwanza ziliniangukia mimi, fundi cherehani mwenye hasira za karibu.

Siku tatu nilimshika mkono tukaandika pamoja. Siku ya nne akauchomoa.

"Mke mwenzangu, unaniumiza vidole!"

Ndivyo tunavyoitana, tangu babu yake alipomposa, mtoto akiwa na meno mawili.

Hapo nikapata wazo. Nilitoa uzi kwenye cherehani, nikalaza karatasi chini ya sindano, nikashona jina lake bila uzi. Vikatokea vitundu vidogo, vimefuatana vizuri. Kifungo akapita juu yake na penseli, ulimi nje, na jina likatoka limenyooka kuliko suruali ya bwana harusi. Tukarukaruka wote wawili. Kuanzia hapo kila jioni nilimtobolea ukurasa, naye akaujaza. Kichwa kilinivimba. Mteja akija kupimwa gauni, kwanza aangalie daftari.

Miezi miwili baadaye mwalimu wake akaniita. Alikuwa na daftari la darasani, kurasa nyeupe pe.

"Bibi, hushika penseli tu, anapapasa karatasi. Nilipomuuliza anatafuta nini, akasema haina matundu."

Mwalimu akaniambia kwamba baada ya wiki mbili kuna mtihani: kila mtoto aje na karatasi yake, aandike jina na sentensi moja. Asiyeweza atarudia darasa, wenzake waende.

Nilirudi nyumbani nimemkasirikia mwalimu, kisha Kifungo, na nilipofika mlangoni nikawa nimebaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia. Wasichana ninaowafundisha kushona huwa nawagombeza kila siku kuhusu bandi, ule mshono mrefu wa kushikiza kitambaa kabla hujakishona. Ukishamaliza, unaufumua. Ukiuacha, nguo si nguo. Lakini mganga hajigangi. Mtoto wangu nilikuwa nimempiga bandi na kumwacha nayo.

Tukaanza kufumua. Jioni ya kwanza nilitoboa jina lote isipokuwa herufi moja. Ya pili, mbili. Kifungo alilia, akaangusha penseli, akasema mkono wake umekufa. Nilikalia viganja vyangu, kwa kweli, nikavikalia kabisa, maana vilikuwa vinaniwasha. Mara moja tu nilishindwa, nikachukua penseli nikainyoosha herufi iliyolala. Akaifuta.

"Hiyo ni yako, bibi. Yangu iko hivi."

Akaiandika tena ikiwa imelala vilevile.

Usiku wa kuamkia mtihani bado alikuwa na herufi nne za kutobolewa, na sentensi hata hajaigusa. Alfajiri akiwa amelala nilipiga moyo konde nikafanya jambo la aibu. Nilitoa uzi, nikatoboa karatasi safi: jina lake, na chini yake, "Bibi yangu anashona." Vitundu vidogo sana, mwalimu asingeviona kwa mbali. Nikaitia ndani ya begi lake. Nilijiambia namsaidia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikutaka kumwona amebaki kwenye dawati lilelile wakati marafiki zake wanahamia chumba cha pili.

Siku hiyo nilishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona palepale tena.

Mchana alirudi begi likimpiga magotini. Akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu. Matundu yote yalikuwapo, na hakuna alama hata moja ya penseli.

"Karatasi uliyoniwekea ilikuwa mbovu," akasema. "Cherehani yako imeila. Nimemwomba mwalimu nyingine nzima."

Ya pili ilikuwa na jina lake, likipanda kilima. Chini yake kulikuwa na sentensi, herufi zake zimelala, nyingine zimekaa, moja imegeuka nyuma kuangalia wenzake. Ilisema: "Bibi yangu anaogopa." Pembeni mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema na neno moja: amepita.

Nililia mbele yake bila kujificha. Akanipangusa kwa kipande cha kitambaa alichookota chini ya meza, akaniuliza kama sasa anaweza kwenda kucheza.

"Nani amekuambia naogopa?"

"Ulikalia mikono, mke mwenzangu," akasema, akiwa ameshafika mlangoni. "Mimi nikiogopa daktari wa meno hukalia mikono hivyohivyo."