Kuku Aliyetumwa Habari za Ini

Tusajigwe alikuwa ametimiza miaka minne kwa mumewe, na hajawahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Ndivyo Wanyakyusa walivyo. Mkamwana akisikia mkwewe anakuja huchepuka njiani, hujifunika kanga na kugeukia mahindi mpaka mzee apite. Hasemi naye wala hataji jina lake. Mwiko huo huondolewa na mzee mwenyewe, kwa zawadi mbele za watu, na Mzee Isakwisa hakuwa na haraka. Pale Ilomba alijulikana kuwa Mkristo wa Jumapili. Siku sita zilizobaki alikuwa Mnyakyusa.

Kujificha huko kulimpa Tusajigwe masikio. Alimjua mzee kwa kikohozi, kwa mkongojo, na zaidi kwa jembe. Zamani jembe lile lililia nyuma ya nyumba, pa, pa, pa, toka mwanzo wa tuta hadi mwisho. Mwaka huu wa 1956 lilianza kunyamaza katikati ya tuta. Na likinyamaza, zilisikika kucha zikikuna ngozi.

Tusajigwe alikuwa mwuguzi wa wodi ya wanawake mjini Mbeya, alijua kuwa uchovu na kuwashwa ngozi huendana na ini bovu, na moyo ulimlipuka. Mwaka uliopita mzee alilazwa hospitali hiyo hiyo, macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa, naye mkamwana akawa anapitia mlango wa nyuma wasikutane. Daktari alisema ini limevimba, tena uvimbe wa kukaa, si ule wa kuja na kupita. Aache pombe, na kila miezi mitatu arudi kupimwa. Manjano yalipotoka machoni, mzee akajiona amepona. Hakurudi hata mara moja.

"Naumwa wapi?" alimwuliza mkewe Marta kila alipokumbushwa. "Nionyeshe panapouma, nitakwenda leo leo." Kisha huyo, akauvuta mrija wake wa kimpumu, pombe nzito ya ulezi. Wazee wa kanisa walikuwa wamemshindwa kwa miaka ishirini; sembuse daktari wa juzi?

Tusajigwe aliogopa, aliogopa kweli. Wodini aliwaona waliokuja ini limekwisha kuwa gumu, na wengi hawakurudi nyumbani. Mumewe Anyitike alikuwa dereva wa lori la Iringa. Akija nyumbani humkuta baba anacheka, basi baba mzima. Wote waliomtazama mzee kila siku hawakuona kitu.

Wiki ile mzee alichoma matofali ya nyumba mpya kwa pumba za mpunga kutoka Chimala. Siku ya tatu tanuru lilionekana limezimika, juu majivu matupu, lakini yeye alilizunguka akipiga kelele: "Msikanyage! Pumba hazina mwali, zinakula chini kwa chini!"

Tusajigwe alikuwa nyuma ya ua wa mianzi, na kuku mmoja mwekundu akiparua miguuni pake. Ujasiri aliutoa wapi, hata mwenyewe hakujua.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti, "umesikia? Juu majivu, chini moto. Sasa nani atamwambia mwenye matofali kwamba ini lake ni tanuru hilo hilo? Macho yameng'aa, maumivu hakuna, anasema limezima. Halijazima, kuku. Linaungua polepole, mwaka nenda mwaka rudi, na penye kuungua linabaki kovu. Makovu yakilijaa lote, basi tena. Na yeye kila jioni anaongeza pumba kwa mrija."

Marta, aliyekuwa akichambua maharage, alibaki mdomo wazi.

"Kuku," sauti nzito ikatoka upande wa pili, "mwulize aliyekutuma, pombe ndiyo iliyoniletea ugonjwa huu?"

"Mwambie si lazima. Daktari anadhani ni vijidudu viliingia zamani, mwenyewe asijue. Lakini nyumba ikiwaka, mtu haulizi kwanza nani kaiwasha."

"Basi mwulize hili. Hajawahi kuniona. Amejuaje kwamba ninaumwa?"

"Mwambie jembe linapumzika katikati ya tuta. Zamani halikupumzika."

Mzee akaondoka na mkongojo wake. Kuku naye akaenda zake, ujumbe umemshinda.

Jumatatu, mwuguzi wa wagonjwa wa nje aliugua, na Tusajigwe akawekwa mahali pake. Mara akasikia mkongojo ukigonga saruji. Aliujua. Akageukia ukuta, sinia ya dawa usoni, na foleni nzima ikacheka. Kitu kikawekwa mezani, kikalia. Alikuwa kuku mwekundu, kafungwa miguu.

"Huyu amechoka kutumwa," mzee alitangaza. "Watu wote mashahidi, nampa mkamwana wangu. Geuka, mwanangu. Macho yangu utayatazamaje ukiwa ukutani?"

Akageuka. Aliona pua ya Anyitike, mvi, na mzee aliyejaa hofu kuliko mgonjwa yeyote kwenye foleni ile. Huruma ikamshika. Akalivuta kope la chini kwa kidole gumba, taratibu.

"Manjano yamerudi, tata," alisema, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Kidogo."

Daktari naye alilibonyeza ini, akasema limevimba lakini halijawa gumu, mzee amewahi.

"Na mrija?" mzee akauliza, akimwangalia Tusajigwe, si daktari.

"Mrija hapana, tata."

"Nimekufungulia macho," akanung'unika, "mdomo sikuutaja."

Lakini mrija aliutupa tanuruni. Baada ya miezi mitatu alirudi, na mitatu mingine, na hakukubali kutazamwa na mwuguzi mwingine. Alipita katikati ya foleni akimtafuta mkamwana wake, na tangu mlangoni alikuwa amekwisha kuvuta kope la chini kwa kidole chake mwenyewe.