Mfua Bati Aliponyamaza

Siku yangu ya kuzaliwa iliahirishwa kwa kauli moja. Baba ndiye aliyetangaza, akiwa amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma kama mwenyekiti wa kikao.

"Mtihani wa hesabu ni Jumanne. Siku yake inaangukia Jumatatu. Hatuwezi kumchanganya mtoto na mambo ya keki. Atatimiza miaka kumi na saba Jumatano, akishamaliza."

"Umri nao siku hizi unaahirishwa?" Bibi akauliza. "Mngeniahirishia na mimi mapema, nisingekuwa na magoti haya."

"Taratibu, Mama. Mtoto anasoma."

"Si nimenong'ona?"

Kweli alikuwa amenong'ona, kwa kipimo cha kwetu. Nyumba yetu ni ya mfua bati. Baba hufanyia kazi uani, chini ya dirisha la chumba changu: ndoo, masanduku ya wanafunzi wa bweni, mafaneli, makopo ya kumwagilia maua. Nilizaliwa nikaikuta nyundo inalia. Ukiishi na bati unajifunza kuongea juu ya bati, kwa hiyo mnong'ono wetu ni sauti ya kawaida kwa wengine, na sauti yetu ya kawaida wapita njia hudhani ni ugomvi.

Mitihani ilipokaribia, Baba alisema safari hii mtoto wake hatasomea kwenye makelele. Kwanza aliifunga nyundo kitambaa kichwani. Bati likakataa kunyooka. Akajaribu nyundo ya mti, jirani akachungulia kuuliza tunatwanga nini. Mwishowe akapakia fuawe, lile chuma zito analogongea bati, pamoja na makasi na vifaa vya kulehemu kwenye toroli, akahamia kwenye kibanda cha rafiki yake fundi baiskeli, ng'ambo ya soko. Asubuhi anasukuma kwenda, jioni anasukuma kurudi, maana hakutaka kuacha fuawe lake likalala ugenini.

Mama, ambaye humwita mtu aliye mtaa wa pili bila kutoka jikoni, akaanza kuongea kwa ishara. Siku moja aligusa mdomo kisha akapunga mkono, akimaanisha njooni mle. Bibi akaelewa kwamba anaambiwa afunge mdomo atoke. Akaenda kukaa nje mpaka chakula kikapoa, na alinuna hadi kesho yake.

Yote hayo waliyafanya kwa kunipenda, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwa sababu nilikuwa siwezi kusoma.

Mitihani ya masomo mengine niliifanya kwa yale niliyoyajua zamani. Hesabu haikukubali. Si kwamba sikuwa na akili. Akili ninayo, na nalisema hilo bila majivuno, kama mtu anavyosema ana meno. Nilitaka kuingia mkondo wa sayansi, na huko huingii bila hesabu nzuri. Lakini kila nilipokaa mezani katika kile kimya, nilisikia bomba likidondosha, nikasikia tumbo langu, nikasikia mtu akinyata mlangoni. Mtu akinyata nje ya mlango wako, huwezi kuufikiria mlinganyo. Unamfikiria yeye. Nyundo haikuwa hivyo. Nyundo ikigonga, dunia nzima hubaki nje, ndani nabaki mimi na namba.

Jumatatu, siku yenyewe, hakuna aliyenipongeza, kwa kuwa ilikuwa imeahirishwa. Mama alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaniwekea yai la pili. Nilikaa na mlinganyo mmoja tangu chai mpaka jua likapanda dirishani. Haukusogea. Bibi akaingia, akaketi kitandani kwangu.

"Una nini, mke mwenzangu?"

"Sina kitu, Bibi."

"Mficha uchi hazai."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu, na Mama akatokea mlangoni akituomba kimya kwa mikono yote miwili.

"Nenda kamwambie baba yako," Bibi akasema.

"Ataumia. Amelisukuma toroli lile kila siku kwa ajili yangu."

"Basi yeye aendelee kusukuma na wewe uendelee kufeli, mradi tu wote mna adabu."

Nikachukua daftari na kalamu, nikatoka.

Kibandani nilimkuta Baba amepiga goti, anakunja mdomo wa ndoo. Aliponiona, nyundo ikabaki hewani.

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Sasa umefuata nini kwenye makelele? Kesho si hesabu?"

"Nimeyafuata hayo hayo makelele, Baba."

Fundi baiskeli akainua kichwa kwenye gurudumu. "Kasemaje huyu?"

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi si mwepesi wa kumpinga mtu mzima, na sauti yangu ndiyo ndogo kuliko zote nyumbani kwetu. Lakini nilikuwa nakijua ninachokijua.

"Nyumbani kumekuwa kimya mno," nikasema. "Sielewi chochote. Tangu mdogo najifunza hesabu wewe ukiwa unagonga. Ukinyamaza, na mimi nasimama."

"Kwa hiyo fuawe lote lile nimelisukuma bure."

"Si bure. Nimeona ulivyonipenda, na nashukuru. Ila nilikuwa nafeli."

Fundi baiskeli akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Baba hakucheka.

"Na kesho je? Niingie na nyundo kwenye chumba cha mtihani?"

Swali hilo nilikuwa nimelitafuna njia nzima. "Kuandika naweza popote. Kuelewa ndiko kunakotaka kelele. Nikielewa leo, kesho hata wakinifungia ndani ya moja ya masanduku yako, nitaandika."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Nimeishi nikaona," fundi baiskeli akasema. "Mfua bati analaumiwa kwa kunyamaza."

Baba akagonga. Mwanzo aligonga kidogo, akinitazama kwa pembe ya jicho, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole. Kisha kazi ikamchukua, akasahau kama nipo, na alipokwisha kunisahau ndipo aliponisaidia. Niliutazama mlinganyo wa asubuhi nikaona nilipokosea: nilivusha namba upande wa pili bila kubadili alama. Kosa la mtoto mdogo, nami nilikuwa nimepita juu yake asubuhi nzima. Nikalirekebisha, ukafunguka. Nikaingia wa pili, nikageuza ukurasa, nikageuza mwingine. Fundi baiskeli aliponiletea maji sikujua yamekaa pale muda gani.

Jua lilipoanza kushuka Baba akaanza kupakia vyombo.

"Tunarudi uani," akasema. "Mtu hatimizi miaka yake kwenye kibanda cha baiskeli."

"Si iliahirishwa?"

"Aliyeiahirisha ni mimi, na anayeirudisha ni mimi."

Tulisukuma toroli pamoja, kila mmoja na mpini wake. Mama alikuwa kwenye geti. Alipotuona alinyanyua mikono kuuliza kulikoni.

"Ongea, mke wangu," Baba akamwambia. "Imeruhusiwa."

Mama akavuta pumzi ya wiki zote zile. Alinitakia heri ya kuzaliwa, akanitakia maisha marefu na mume asiyenuna, kwa sauti ambayo jirani wa tatu aliitikia amina. Jioni ile nilimaliza mazoezi yote yaliyobaki, nyundo chini ya dirisha, Bibi akinong'ona sebuleni kwa namna yake.

Kesho yake karatasi ziligawiwa, msimamizi akatazama saa, kimya kikashuka chumbani. Nikakisubiri nione kitanifanya nini. Hakikunifanya kitu. Nilisoma swali la kwanza nikaiona njia yake, nikaanza kuandika, na sikuinua kichwa mpaka mkono uliponiuma.

Nikirudi nilidhani nitawakuta wote wamejipanga getini, nyuso zimewakauka kwa kungoja. Nilipofika kona nikasikia nyundo. Baba hakuwa ananingoja. Alikuwa kazini kwake, kama mtu aliyeambiwa "nina hakika", naye akaamini.

"Vipi?" akauliza bila kuinua kichwa, kwa sauti ya kwetu.

"Nimeacha moja," nikamjibu kwa sauti hiyo hiyo. "Mengine nimeyafanya yote."

"Hilo moja lilikuwa na nini?"

"Gumu tu."

Akatikisa kichwa kukubali, kama anayezijua kazi za namna hiyo, kisha akanionyesha kwa kidevu ukingo wa bati. Nikaweka mkoba chini, nikamshikia.