Kaza Tena Kidogo

Nasiri alianguka kutoka juu ya mchikichi huko Gatete, kando ya ziwa, panga likaenda kivyake na yeye kivyake, mkono wa kulia ukavunjika kati ya kiwiko na kifundo. Hospitali ilikuwepo, tena si mbali. Lakini majirani walishasema kwamba plasta huficha mfupa uliounga vibaya. Basi mkewe Tahira, Mama Kaoutar, akamwita mzee Pontiani wa Bugarama, muunga mifupa anayeaminiwa na wakata chikichi wote wa mwambao ule.

Pontiani akaunyoosha mkono, akauzungushia vijiti vya mianzi na kitambaa, akaacha amri moja: kila asubuhi kaza tena kidogo. Maumivu, alisema, ndiyo mfupa unashikana.

Tahira akakaza. Loo, alikaza! Mwanamke yule hajui kufanya jambo nusunusu. Vidole vikavimba, vikabadilika rangi, Nasiri akaomba alegeze, akalia kabisa. Yeye akamwambia mwanamume mzima halilii kitambaa, akapiga fundo jingine. Alimpenda, jamani, na alitaka apande tena michikichi, maana kazi nyingine mumewe hakuijua. Kisha maumivu yakaisha ghafla, vidole havisikii hata kuchomwa. Tahira akasema alhamdulilahi, akachinja kuku.

Vijiti vilipofunguliwa, mkono ulikuwa mwembamba, mgumu kama ubao, vidole vimejikunja na havifunguki. Ndipo wakaenda hospitali.

Daktari Anastasie hakugomba. Alimwambia Tahira akunje ngumi huku amejishika chini ya kiwiko. Tahira akasikia nyama zikicheza chini ya ngozi. Hizo, akaelezwa, ndizo zinazokunja vidole. Vidole vyenyewe vinavutwa kwa kano tu, kutoka huku juu. Nyama hizo zimo ndani ya ala, kama mfuko mgumu usiotanuka, pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu. Zikivimba ndani, na nje kumekazwa, damu haipiti. Nyama ikafa, ikafupika, ikavuta vidole. Na maumivu yaliisha kwa sababu mshipa wa fahamu nao ulikufa.

"Mufupa iko muzima," daktari akasema. "Umeunga vizuri sana. Lakini hatapanda tena muti. Nani alikuwa anakaza?"

Tahira akafungua kinywa.

"Ni mimi," Nasiri akasema. "Nilikuwa nakaza kwa meno."

Daktari akaandika hivyo hivyo, asiulize zaidi. Tahira alitaka kulia hapo hapo kwa shukrani. Njia nzima ya kurudi alijiambia kwamba amesamehewa.

Nyumbani shati la Nasiri lilikuwa limelowa jasho. Tahira akamsogelea amvue, kama alivyofanya tangu aanguke. Nasiri akarudi nyuma.

"Usiniguse mukono, Mama Kaoutar," alisema polepole, wala hakuwa na hasira. "Usiuguse tena."

Akampa mgongo, akaanza kuhangaika na vifungo kwa mkono wa kushoto. Kifungo cha kwanza kilimshinda, akakirudia. Tahira alibaki amesimama nyuma yake, mikono yake yote miwili mizima, asijue aipeleke wapi.