Chuchu ya Nne

Ng'ombe wa mradi alikamuliwa chuchu tatu. Ya nne ilikuwa ya ndama. Ndivyo bwana mifugo Joshua alivyowafundisha wanawake wa Mahurunga mwaka 1998, aliposhusha kwenye lori mitamba yenye mimba, kila mmoja na hereni ya manjano sikioni. Mwanamke aliyekopeshwa mtamba angerudisha ndama jike wa kwanza, apewe mwanamke mwingine. Maziwa yangepelekwa kituoni kila asubuhi na pikapu ingeyachukua kwenda mjini. Asiyepeleka, ng'ombe wake angehamishiwa kwa jirani.

Bibi Mwanakombo alikamua baada ya sala ya alfajiri. Alisema bismillahi, akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akaweka ndoo ya bati katikati ya magoti. Kabla ya hayo yote alikagua fundo. Mjukuu wake Nuru alikuwa amefungwa kwa kanga kwenye nguzo ya banda, naye alielea juu ya pembe za ng'ombe, bado amelala.

Mama yake Nuru alifariki siku ya kujifungua, kwa hiyo mtoto alilelewa kwa maziwa ya unga. Yaliletwa na meli. Muuza duka Idrisa aliyatoa kwenye kopo kubwa na kuyafunga katika vipande vya gazeti. Alikuwa akiyauza kwa kijiko, kwa sababu mzani wa duka haukushuka hata alipojaza sahani. Watu waliona ni sawa. Kwenye kopo palikuwa na picha ya mtoto mwenye mashavu, mnene kuliko mtoto yeyote wa kijiji, na Bibi Mwanakombo alimshukuru Mungu kwamba fedha ya mradi ilimwezesha kununua kitu kizuri hivyo.

Mwanzoni Nuru alikuwa mwepesi tu mgongoni. Baadaye mbeleko ikaanza kuvuta kwenda juu. Siku ya kliniki, nesi Raheli alining'iniza mzani kwenye tawi la mkorosho, akamtia mtoto kwenye mfuko wenye matundu ya miguu. Mfuko ukapanda mpaka kwenye majani. Nesi akaweka alama kwenye kadi, chini ya mstari wa mwisho.

"Uwe unamfunga vizuri, bibi," alisema. "Na mwezi ujao usikose."

Bibi alimfunga vizuri. Mtoto wa jirani yake aitwaye Asia, nyumba ya tatu kutoka kwake, alikuwa ameondoka na upepo wa mchana mama yake akianika muhogo. Watu wa Msimbati walimwona akipita juu ya minazi, akielekea baharini. Mwenyekiti wa kijiji alimwandika kuwa amehama. Tangu hapo kila upepo ulipogusa makuti ya paa, Bibi Mwanakombo aliacha alichokuwa akifanya, akashika kanga kwa mikono miwili mpaka utulie.

Asubuhi moja unga wa maziwa uliisha na duka lilikuwa bado limefungwa. Nuru alilia huko juu. Bibi alichota kikombe kwenye ndoo, akachemsha, akapoza, akamvuta chini kumnywesha. Ng'ombe alipotolewa bandani, visigino vya mtoto viligusa udongo. Alisimama akishikilia nguzo, akacheka. Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaogopa, akajazia ndoo kwa kikombe cha maji.

Kituoni, karani Pendo alitumbukiza kipimo cha kioo. Kikazama.

"Bibi, haya yana maji."

Mchana Joshua alifika na pikipiki.

"Shikamoo, bibi. Uliongeza maji?"

"Marahaba, mwanangu. Niliongeza. Ntoto alikunywa kikombe. Kikamshusha, niliona kwa macho yangu."

Joshua alimtazama Nuru, ambaye alikwisha kupanda tena usawa wa kifua cha mtu mzima.

"Naamini. Lakini kikombe ni cha kituo. Nikikuachia wewe, nitamwachia na jirani yako Hadija, halafu pikapu iende mjini na upepo?"

"Basi nipe ile chuchu ya ndama. Nusu tu."

"Ile si yako wala yangu, bibi. Huyu ndama ana mwenyewe." Alimzungushia ndama utepe wa kupimia uzito kifuani, akasoma, akatikisa kichwa kwa furaha. "Anaendelea vizuri sana. Hongera. Ila maji yakionekana tena, ng'ombe nitamhamisha. Hapo hata unga hutanunua."

"Nimesikia, mwanangu."

Kabla ya kuondoka aliligusa fundo kwenye nguzo, akalifungua, akafunga lingine.

"Hili la kwako linateleza. Hili ndilo tunalofungia madume."

Jioni, baada ya magharibi, Bibi Mwanakombo alikaa muda mrefu juu ya mkeka. Alizoea kumwomba Mungu amrudishe mtoto chini. Siku hiyo aliomba fundo lisifunguke.

Asubuhi iliyofuata alijitwisha ndoo iliyojaa, Nuru akielea juu yake, kanga ya mtoto imefungwa kiunoni mwa bibi. Uzito wa maziwa ulikanyagisha miguu yake barabarani sawasawa. Kituoni wanawake walikuwa wamepanga foleni, na watoto wao wakiyumba juu ya paa la bati.

"Shoga, wa kwako kapanda leo!" Hadija alimwambia. "Anatafuta pikapu?"

"Anaangalia kama wa kwako kavaa nguo."

Walicheka bila kutazama juu. Kipimo kikaelea vizuri. Pendo alimimina maziwa kwenye pipa, akamrudishia Bibi ndoo tupu. Hapo kanga ikamkaza kiunoni na visigino vyake vikaacha ardhi.

Ndiyo maana pembeni ya kituo paliwekwa lundo la mchanga. Pendo alikuwa ameleta na koleo. Kila mwanamke alijaza ndoo yake, akajitwisha, akarudi nyumbani.

"Mzioshe kwa maji ya moto, kina mama," Pendo aliwakumbusha. "Mchanga unaharibu maziwa."

Bibi Mwanakombo alifika kwake, akamfunga Nuru kwenye nguzo kwa fundo la Joshua, akalivuta mara mbili. Alimwaga mchanga mlangoni, akaosha ndoo kwa maji ya moto. Kisha akamfungulia ndama. Ndama akaenda moja kwa moja kwenye chuchu ya nne, akanyonya akitikisa mkia, na juu yake mtoto akafungua kinywa.