Kichomi Kilichotoka Mguuni

Mtaani walimwita Fundi Kwanini, na jina lenyewe alilipenda. Ukimwita akuzibulie sinki, kwanza atakuhoji: limeanza lini, nani alimwaga nini, maji yanarudi wapi kwingine. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema, kisha anauliza tena.

Asubuhi hiyo wa kuhojiwa alikuwa mkewe, fundi cherehani. Wiki tatu alikuwa hainuki kwenye mashine, sare za shule zimemrundikia hadi dirishani. Ghafla alishika ubavu. Kila akivuta pumzi, kichomi. Alipokohoa, leso ikapata doa la damu.

"Uchovu tu, baba watoto," alisema, huku akihema kama aliyepanda ghorofa tano. Jirani alisema ni baridi. Mama mkwe, kwenye simu, aliagiza tangawizi.

"Kabla ya kifua, nini kilianza?" Fundi aliuliza.

"Hakuna. Mguu tu, tangu juzi."

Akautazama. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba na lina moto, la kulia halina neno. Kwa nini mmoja tu? Mikono ilimwasha aukande, lakini kazi ilishamfundisha kutosukuma kitu asichojua kitaelekea wapi. Akauacha, akaita teksi.

Hospitalini, daktari, dada mmoja mwenye haraka zake, alikuwa tayari anaandika dawa ya nimonia.

"Samahani daktari, mguu hujauona."

"Si kifua kinachomuuma?"

"Mimi fundi bomba. Maji yakifurika jikoni, mara nyingi naenda kufungua bafuni."

Daktari alicheka, akauinamia mguu, na kicheko kikaishia hapo. Aliagiza vipimo upesi, mgonjwa akawekewa hewa. Damu, alieleza, inaweza kuganda mguuni mtu akikaa sana bila kujinyoosha. Kipande kikimeguka kinapanda na mshipa, kinapita moyoni, kinakwenda kuziba mapafuni. Fundi alisikiliza kwa utamu mpaka akajionea haya.

"Lakini kukaa amekaa miaka yote. Kwa nini leo?"

"Ndiyo nataka kujua. Amefanyiwa upasuaji karibuni? Safari ndefu? Kuna ndugu aliyewahi kuganda damu? Anatumia vidonge vya uzazi wa mpango?"

"Hapana kwa yote, na hilo la mwisho ndiyo kabisa," Fundi alijibu. "Tuna mabinti wanne. Mwaka wa pili huu tunamtafuta wa tano, Mungu bado hajajalia."

Daktari hakuandika. Alimgeukia mgonjwa. "Mama, nakuuliza wewe. Kama unavitumia, leo ndiyo mwisho. Vinaweza kukuua."

Mkewe alifumba macho. "Natumia."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na leo kata ilikuwa imesema. Fundi alihisi hasira ikimpanda. Miaka miwili! Kisha akaiona midomo ya mkewe inavyobadilika rangi, na hofu ikaizidi hasira.

"Andika, daktari," alisema. "Andika anatumia, umpe dawa. Ya nyumbani tutayazungumza akiwa hai."

Muuguzi alileta sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, akainama hadi sikioni mwa mkewe.

"Mama watoto, kwani wewe ulitaka wangapi?"

Hakuwa na pumzi ya kujibu. Aliinua vidole vinne, na mumewe akavishika vyote.